Kumkalisha mzee kwenye joto: mishipa naona faida, ubongo bado sijashawishika

Mwezi wa sita Mbeya hauna utani. Asubuhi huku Uyole vidole havishiki kitu, na mzee wa miaka 70 akishaamka anatafuta jiko kabla hata ya chai. Ndo msimu huu kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya familia, jamaa anasema huko Ulaya wamegundua joto linafungua mishipa na linazuia mtu kusahau uzeeni, kwahiyo wazee wetu wapigwe nyungu kila siku na wenye presha wataachana na vidonge. Ndugu zangu watatu wameniuliza kama ni kweli. Nimemuuguza mama mwenye presha miaka saba sasa na hizi habari nimezisoma sana, ngoja niseme ninavyoona.

Kwanza yule jamaa hajatunga kila kitu. Finland, upande wa Kuopio, walifuatilia wanaume 2,315 wa umri wa miaka 42 mpaka 60 kwa zaidi ya miaka 20. Majibu ya mwaka 2015 yakaonesha wanaoingia sauna (chumba cha kukaa kwenye hewa ya moto) mara 4 mpaka 7 kwa wiki vifo vyao vya moyo kusimama ghafla vilikuwa pungufu kwa asilimia 63 ukilinganisha na wanaoingia mara moja tu. Mwaka 2017 timu hiyohiyo ikatoa ya ubongo, ugonjwa wa kusahau pungufu kwa asilimia 66. Japani nako, ambako kuoga ni kujitumbukiza kwenye beseni kubwa la maji ya moto, waliangalia watu zaidi ya 30,000, wanaojitumbukiza kila siku au karibu kila siku walipata magonjwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 28 kuliko wa mara mbili kushuka chini kwa wiki.

Na jinsi joto linavyofanya kazi inaeleweka kabisa. Mwili ukipata moto damu inakimbilia kwenye ngozi ili upoe, moyo unaongeza kasi kama vile unapanda kilima, ile damu inayopita kwa nguvu inasugua ukuta wa ndani wa mshipa na ukuta unatoa hewa fulani inaitwa naitriki oksaidi, hiyo ndo inaulegeza mshipa utanuke. Uzee, sukari na sigara vinaua huo uwezo taratibu, mshipa unakuwa mgumu kama mpira wa maji uliokaa juani. Chuo cha Oregon kule Marekani walichukua vijana wasiofanya mazoezi, wakawaweka kwenye maji ya nyuzi 40.5 mara 4 mpaka 5 kwa wiki, wiki 8, na mishipa ikatanuka vizuri zaidi kuliko mwanzo, presha nayo ikashuka kidogo. Kwa mzee ambaye magoti hayamruhusu kutembea kupanda na kushuka milima ya Rungwe, wazo kwamba akiwa amekaa tu mishipa yake inapata kazoezi kidogo, mimi linanigusa kwelikweli.

Sasa upande wa pili. Finland sauna ni kama kwetu ugali, kila nyumba ipo, sasa nani anaacha kwenda? Anaacha anayeanza kuumwa, anayechoka, anayesahau njia. Kwahiyo unaweza kukuta sio sauna iliyomkinga huyu asisahau, ni kusahau ndiko kulikomtoa yule kwenye sauna. Na kuna utafiti mwingine wa hukohuko Finland, watu karibu 14,000 wanaume kwa wanawake, walifuatiliwa miaka 39, pale faida ya ubongo ilionekana kubwa miaka 20 ya kwanza alafu ukihesabu muda wote ikasinyaa sana, na wale waliopenda sauna kali ya nyuzi 100 na kuendelea ndo walikuwa na hatari zaidi mwanzoni kuliko waliokaa chini ya 80. Yaani hata kwa hesabu za Wafini wenyewe moto mkali sio sifa.

Kilichonitikisa zaidi ni Montreal, Kanada. Wale hawakuangalia watu kwa mbali, walichukua wagonjwa wa mishipa ya moyo waliotulia, umri wa miaka sitini hivi, wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja sauna mara 4 kwa wiki kwa wiki 8, lingine waendelee na maisha yao. Mishipa haikubadilika. Kilichowasaidia vijana wazima wa Oregon hakikuonekana kwa watu ambao tayari mishipa imeharibika na wako kwenye dawa, na hao ndo wanafanana na wazee wetu.

Kwahiyo mi nasimama hapa: joto la wastani kwa mishipa lina mantiki na ushahidi wa kiasi, kwa ubongo bado. Na ukitaka kulinda ubongo wa mzee, ushahidi mzito uko kwenye kile kidonge cha presha anachokichoka. Marekani walijaribu kwa watu zaidi ya 9,300 wa miaka 50 na kuendelea, waliolenga namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 badala ya 140, kupungua kwa akili kwa hatua za mwanzo kulishuka kwa asilimia 19, ingawa kwa ugonjwa wenyewe wa kusahau tofauti haikutosha kusema imethibitika. Anayemwambia mzee aache vidonge kwa sababu ya nyungu anamnyang'anya kilicho bora.

Alafu nyungu sio sauna jamani. Sauna ni hewa kavu, mvuke kidogo wakimwagia mawe, mtu kanyooka, mlango upo. Nyungu ni sufuria inayochemka, majani ya mkaratusi na mchaichai, mzee kainama, blanketi mbili kichwani, gizani. Mvuke wa maji unaunguza haraka mno. Mwaka juzi mama alijifukiza asubuhi akiwa ametoka kumeza dawa, aliponyanyuka tu akaanguka, mkono ukavunjika. Joto limetanua mishipa, dawa nayo imetanua, damu imeshuka miguuni, kichwani hakuna kitu. Nilikuwa jikoni, nilisikia kishindo tu. Hiyo siku siisahau.

Wenye sukari ndo naogopa zaidi, miguu imekufa ganzi, maji yanamuunguza na yeye hajui. Na wanaowapeleka wazee Songwe kwenye yale maji ya moto, zipo sehemu yanatoka na zaidi ya nyuzi 70, hayo hayagusiki, ukae mbali na chemchemi yenyewe kule yalikopoa, na ushike mkono wa mzee kwenye yale mawe yanateleza. Lingine ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani ili kuwe na joto, hilo halihusiani na tiba kabisa, kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya mkaa, haina harufu na kila baridi linaondoka na watu usingizini.

Kinachobaki ni kidogo lakini kinafanyika nyumbani. Mwaka 2017 Marekani walitumbukiza miguu ya wazee kwenye maji ya nyuzi 42 kwa dakika 45, na mishipa ya mguuni ikafanya kazi vizuri zaidi baada ya hapo, miguu tu, kichwa kiko nje, mtu amekaa kwenye kiti. Sisi tunafanya pungufu ya hapo. Jioni, sio karibu na muda wa dawa, beseni, maji ninayoyapima kwa kiwiko changu mimi na sio mguu wa mama, dakika 20, kikombe cha maji pembeni, na akimaliza anakaa kwanza dakika kumi miguu ikiwa chini kavu ndo anyanyuke nikiwa nimemshika. Napima presha kabla na baada. Zipo siku inashuka kidogo, zipo siku iko palepale, naandika yote kwenye daftari la kliniki daktari ayaone. Mwenye moyo uliojaa, kidonda mguuni au sukari ya muda mrefu aanze na daktari, asianze na beseni.

Mama mwenyewe anasema faida anayoiona ni usingizi, miguu ikipata moto analala mpaka saa kumi na moja.