Darasani au Mtandaoni: Nani Atajua Kama Hukusoma?

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yanapotoka, mabaraza ya Mombasa hupata ubishi mpya. Baba anataka kijana aingie chuo chenye lango na askari, aonekane akitoka asubuhi na daftari. Mjomba, ambaye bintiye alisomea uhasibu akiwa nyumbani, anaona kulipa nauli kila siku ili kumsikiliza mtu akisoma maandishi ya projekta ni kutupa pesa. Kila mmoja ana lake la kweli. Langu nitalisema mapema: kijana anayetoka kidato cha nne ningempeleka darasani, na mtu mzima mwenye kazi ningemwambia asome mtandaoni bila kujiona amechukua cha duni. Sababu zangu hazihusu sana bei, ingawa bei ndiyo inayozungumzwa barazani.

Tuanze na mtandao, kwa kuwa mji wenyewe unautetea. Anayeishi Likoni na kusoma Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, huanza siku yake kwenye feri. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini muda unatozwa: msongamano wa alfajiri, lango kufungwa zamu ikikaribia kukufikia, kisha matatu ya kukutoa kivukoni hadi chuoni. Feri moja ikiharibika, mtihani wa saa mbili asubuhi haukungoji. Jioni ni yale yale kwa kurudi, na mtu akifika nyumbani hana tena akili ya kufungua kitabu. Saa hizo ndizo mtandao unazomrudishia.

Yupo pia mfanyakazi wa ofisi ya uwakala wa forodha. Meli ikishushwa, hati lazima zishughulikiwe, kwani kontena likikaa bandarini kupita siku zake linaanza kulipiwa. Mtu huyu hawezi kukiahidi chuo kwamba kila Jumanne saa kumi na moja jioni atakuwa kitini. Akiwa na mhadhara uliorekodiwa, ataufungua saa nne usiku, ausimamishe pale asipoelewa, aurudie mara tatu. Sijamwona mhadhiri wa kurudia jambo mara tatu bila kununa. Na kuna mama aliyeacha chuo alipojifungua, ambaye kwake hoja haikuwa darasa au mtandao; ilikuwa mtandao au kuacha kabisa.

Kuhusu heshima ya cheti, hapo watetezi wa darasa hupotoka. Kusoma mbali na mwalimu kulianza zamani kuliko kompyuta. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wa nje mwaka 1858. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa bado mfungwa. Majirani zetu walianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, nasi tukakipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya mwaka 2023. Kinachohitaji kuangaliwa ni kama chuo kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na swali hilo linavihusu hata vile vyenye lango na askari.

Sasa upande wa pili, na hapa sina budi kukaa kidogo.

Mwaka 2020 sote tuliliona jaribio kubwa bila kuliomba. Shule zilifungwa katikati ya mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, madarasa matatu tu yakaitwa kurudi Oktoba, na waliobaki wakangoja hadi Januari 2021. Vipindi vilikuwepo redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Penye kompyuta na mzazi wa kusimamia, watoto waliendelea. Kwengineko walikwenda pwani, walikwenda kuuza viazi karai, na wengine hawakurudi shuleni tena. Masomo yaliwafikia, aliyekosekana ni mtu wa kujua kama wameyafungua.

Wakubwa nao hawakuokoka. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha hesabu ya kozi za wazi ambazo vyuo vikuu vya Marekani, MIT na Harvard, vilikuwa vikitoa kupitia jukwaa la mtandaoni la edX. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 ya washiriki wote. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kufungua somo la kwanza. Walimu walikuwa wale wale wanaosifiwa duniani, masomo yalikuwa bure, na watu hawakufika popote. Lakini katika hesabu hiyo hiyo, waliolipia cheti walimaliza kwa kiwango cha asilimia 46. Sioni kwamba pesa huongeza akili. Aliyelipa alikuwa na shabaha tangu mwanzo, na alikuwa na cha kupoteza.

Kijana wa miaka kumi na minane mara nyingi hana hata kimoja katika hivyo, kwa sababu aliyelipa ni babake. Mweke kwenye nyumba ya vyumba viwili Kisauni. Simu anayosomea ndiyo anayoitumia mamake kupokea oda za mahamri. Saa tatu asubuhi anaingia Google Meet akiwa amezima kamera. Si utovu wa adabu, kamera inakula bando na nyuma yake kuna nguo zimeanikwa. Mhadhiri anauliza, "Mnanisikia?" Watu wawili wanaandika ndiyo. Robo saa baadaye simu inaita, ni mteja, na darasa linakatika. Akirudi, somo liko mbele na hakuna aliyejua kwamba alitoka. Tukumbuke kwamba nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika nchi kavu hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata. Intaneti ya bara inapita kwetu kwanza, lakini hilo halijamfanya kijana wa Kisauni asihesabu bando. Na Mei 2024, nyaya mbili zilipokatika huko baharini upande wa Afrika Kusini, hata mwenye bando alikaa akitazama duara likizunguka.

Kisha kuna kazi ambazo mji huu unaziishi na ambazo haziingii kwenye kioo. Anayetaka kwenda baharini lazima apite mafunzo ya msingi ya usalama chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia. Hayo ndiyo ya kuruka majini na jaketi la kujiokolea, kukigeuza chelezo kilichopinduka huku nguo zimelowa na kukuvuta chini, kuzima moto kwa mikono yako. Nadharia yake unaweza kuisoma kitandani. Chelezo hakigeuzwi kitandani. Uuguzi, uchomeleaji na umeme ni vivyo hivyo, na sidhani hapa pana ubishi.

Penye ubishi ni kwengine: je, mwalimu aliye mbali anaweza kumfuatilia mwanafunzi? Hapo maalimu zetu wametutangulia. Siku hizi kuna watoto wa Kimombasa waliozaliwa Uingereza wanaosomeshwa Kurani na maalim aliyekaa Mji wa Kale. Anamsikiliza mtoto kwa simu, anamkatiza kwenye herufi moja, anamwambia arudie. Mtoto anarudia. Bado haikutoka vizuri, tena. Hakuna projekta, hakuna jukwaa la mamilioni, ni simu ya WhatsApp tu, na matamshi yananyooka. Linganisha na ukumbi wenye vijana mia mbili, wa nyuma wakipiga soga, mhadhiri akisoma alichoandika mwaka juzi. Wa ukumbini ndiye aliye darasani, lakini wa simuni ndiye anayesikilizwa.

Kwa hiyo baba na mjomba wakinijia, nitawauliza wote jambo moja: kijana asipofanya kazi aliyopewa wiki hii, ni nani atakayejua kabla ya mtihani? Darasani jibu hupatikana kwa urahisi zaidi. Kuna mwenzake atakayemuuliza jana ulikuwa wapi, kuna mwalimu wa mazoezi, kuna maktaba yenye meza na taa. Ndiyo maana nampeleka huko kwanza, hata kwa gharama ya muda wa feri. Akishajifunza kusoma peke yake, hata mwaka wa pili, masomo ya nadharia tupu ayahamishie mtandaoni, na vyuo vingefanya vyema kumruhusu badala ya kumvusha bahari aje kusomewa maandishi.

Wa mtandaoni naye asilipe kabla ya kupata majibu. Kazi zangu zitasahihishwa na mtu, na kwa siku ngapi? Nikikwama nitampigia nani? Mtihani nitaufanyia wapi, na stima ikipotea katikati inakuwaje? Kama somo lina vitendo, karakana au hospitali ya kufanyia iko mji gani? Atakayemjibu kwa kumtumia kijitabu cha picha nzuri na namba ya kulipia, amwachie namba yake.