Kipato cha msingi hakiui bidii ya kazi

Kila unapoanza mjadala wa kipato cha msingi kwa wote, yaani pesa ambazo serikali humlipa kila mtu mara kwa mara bila masharti, hakosi mtu wa kuuliza: watu wakipewa pesa bure, nani atafanya kazi? Swali ni halali. Kinachoniudhi ni kwamba huulizwa juu ya maskini tu. Mtoto wa tajiri akirithi nyumba za kupangisha, hakuna anayehofia kwamba atashinda amelala.

Ufini ilijaribu. Mwaka 2017 na 2018 watu 2,000 wasio na ajira walilipwa euro 560 kila mwezi, na malipo hayakukatwa hata kwa aliyepata kazi. Hawakubweteka. Walifanya kazi siku chache zaidi kuliko wenzao waliobaki kwenye msaada wa kawaida, na msongo wa mawazo ulikuwa mdogo kwao. Ongezeko hilo la siku ni dogo, sitalikuza. Mimi natazama sharti lililoondolewa. Misaada mingi hupunguzwa au kufutwa mara tu mtu anapoanza kupata ujira. Akipata kibarua cha saa chache, anachochuma kinaweza kulingana na anachonyang'anywa, na bado nauli na malezi ya watoto vinamsubiri. Akikikataa kibarua hicho, anaitwa mvivu, kumbe amepiga hesabu sawasawa. Kipato kisichokatwa kinamwachia kila senti anayoitolea jasho. Kama tunajali bidii kweli, tuanze kuuliza maswali kuhusu misaada tuliyonayo sasa.

Ni kweli wapo wanaopunguza kazi. Katika mji wa Dauphin nchini Kanada, ambako miaka ya 1970 wakazi walihakikishiwa kipato kwa majaribio, waliopunguza zaidi walikuwa akina mama wenye watoto wachanga na vijana waliobaki shuleni. Kulea mtoto ni kazi, na ngumu, ila haina mshahara. Marekani nako, utafiti wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwapa watu 1,000 dola 1,000 kila mwezi, na saa zao za kazi zikapungua kwa takriban moja na robo kwa wiki. Wapinzani huishika sana takwimu hii. Igawanye kwa siku tano: ni kama robo saa kwa siku. Sioni uchumi ukianguka kwa robo saa ya mtu aliyepata nafasi ya kupumua, au ya kutafuta kazi bora badala ya kuvumilia mwajiri anayemnyanyasa.

Ugumu halisi uko kwenye kodi. Mwaka 2016 Waswisi walipiga kura, na karibu asilimia 77 wakalikataa pendekezo la kipato cha msingi, huku serikali yao ikionya juu ya gharama. Hapo wapinzani wana hoja nzito. Waje na hesabu zao: nani atozwe, kiasi gani, na huduma zipi zisiguswe. Mjadala huo niko tayari kuufanya, ila si huu wa kumhukumu maskini kwa uvivu kabla hajapokea hata senti moja.