Kumpima Mzee kwa Lugha Ipi?

Tuchukue mfano wa mzee wa Newala, mkulima wa mikorosho tangu ujanani, ambaye akiambiwa asogeze kapu la mabibo anauliza kwa utulivu, "Mabibo ndiyo nini?" Njia ya shambani anaijua, madeni yake anayakumbuka, na sentensi zake zimekamilika. Maana ya maneno ndiyo inayomtoka, moja baada ya jingine, kwa miezi na miaka. Kiharusi hakiji hivyo, kwa maana hicho humnyang'anya mtu kauli ghafla.

Hali hii ni afasia, yaani kupotewa na lugha kwa hitilafu ya ubongo, inayozidi hatua kwa hatua, ambayo daktari Marsel Mesulam wa Marekani aliieleza mwaka 1982 kwa wagonjwa sita. Chanzo chake ni kuharibika taratibu kwa sehemu za ubongo zinazobeba lugha. Mwaka 2011 wataalamu waliigawa katika aina tatu: ya kupoteza maana, kama ya mzee wetu, ya kusema kwa shida na sarufi kuvurugika, na ya kusita-sita kutafuta neno, ambamo mgonjwa hushindwa kurudia sentensi ndefu aliyotamkiwa. Aina hii ya tatu mara nyingi hutokana na ugonjwa wa Alzheimer.

Swali linalowagawa watu ni kama mgonjwa wa Mtwara au Lindi atambuliwe kwa kusikilizwa tu, au asubiri picha za ubongo na vipimo sanifu, ambavyo huenda vikamaanisha safari ya Dar es Salaam. Wanaotaka subira wana hoja. Uvimbe kichwani, damu iliyovilia juu ya ubongo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, kaswende, uziwi na sonona vyote vinaweza kufanana na ugonjwa huu, na vingi kati yake vinatibika. Hata penye vifaa vyote jina la ugonjwa huchelewa: familia ya mwigizaji Bruce Willis ilitangaza afasia Machi 2022, na ugonjwa hasa ulioisababisha ukatajwa Februari 2023. Damu ipimwe, na picha ipigwe inapowezekana. Hilo silipingi.

Ninalolipinga ni dhana kwamba kabla ya picha hakuna kinachojulikana, na kwamba kipimo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza kina uzito kuliko sikio la mtu wa nyumbani. Kiingereza kina maneno yasiyosomwa kama yalivyoandikwa, na mgonjwa aliyepoteza maana huyasoma vilevile yalivyoandikwa. Kosa hilo limo katika vigezo vya mwaka 2011. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mgonjwa yuleyule atasoma ukurasa mzima bila kukosea, na dalili itakuwa imefichwa na tahajia yetu wenyewe. Kwa upande mwingine, lugha yetu inafichua kile ambacho Kiingereza hakina nafasi ya kukionyesha. Sentensi "Viti vyangu vile viwili vimevunjika" inabeba alama ya ngeli mara tano, na mtu ambaye sarufi yake inaharibika ana mahali patano pa kujikwaa. Tena kitenzi chetu hakisimami bila viambishi, hivyo mgonjwa huenda asiviache, bali avichanganye. Anayetafuta maneno yaliyodondoka, kama afundishavyo mwongozo wa kigeni, atasema huyu ni mzima.

Hapo ndipo ugumu wa kusini unapoingia. Wazee wengi wa Newala na Tandahimba walilelewa kwa Kimakonde, wa Masasi kwa Kimakua au Kiyao, wa Nachingwea kwa Kimwera, na Kiswahili kikafuata baadaye. Mzee akivuruga ngeli za Kiswahili, je, ni ugonjwa, au ndivyo alivyosema siku zote? Kipimo sanifu hakiwezi kujibu, kwa kuwa kinamlinganisha na watu wengine, tena mara nyingi waliosoma shule. Mke wake anaweza kujibu, kwa kuwa anamlinganisha na yeye mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita. Kwa ugonjwa unaotambulika kwa mwendo wake, ushahidi huo ni sehemu ya uchunguzi.

Ushahidi huo wa nyumbani una kasoro moja, nayo ni kubwa. Kijana anayemtafsiria babu yake mbele ya daktari hunyoosha maneno kwa heshima: babu anasema "kile, kile cha kukatia", mjukuu anatafsiri "panga". Dalili imekufa hapohapo mlangoni, na hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo mkalimani aombwe kutoa neno kwa neno kilichosemwa, pamoja na kusita na makosa yake, na familia imrekodi mzee kwa simu akisimulia kwa lugha yake ya kwanza jambo analolijua vizuri, tuseme namna ya kupulizia mikorosho, kisha imrekodi tena baada ya miezi sita akisimulia lilelile. Rekodi hizo mbili zitasafiri naye hadi Dar es Salaam, siku nauli itakapopatikana.