Fimbo ya saa ishirini

Mimi mtoto wa Tanga nimewahi kufa mara mbili usiku mmoja, katika msitu wa Ujerumani, nimevaa kanzu, na huku nawaka.

Jamaa ninaoishi nao nyumba moja karibu na Hannover wana mchezo wao unaitwa Larp. Watu wazima na akili zao, wengine wahasibu, wanahamia porini siku tatu, wanavaa ngozi na deraya, wanajipa majina mapya na kucharazana kwa mapanga ya sponji. Mimi wakanipa nafasi ya mchawi. Nikampigia mjomba wangu, fundi redio wa siku nyingi, anielekeze namna ya kutengeneza fimbo ya kutoa mwanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umesema unakwenda kuwa nani?"

"Mchawi."

Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Yaani umetoka Tanga, ukapanda ndege, kwenda kuutafuta uchawi Ujerumani?"

Tukakubaliana niwe mganga.

"Betri ya simu usiiguse," akasema, "ikipondwa inashika moto. Tia betri tatu zile za saa ya ukutani. Taa za LED nyeupe, tano, kila moja na rezista yake, la sivyo utaziunguza zote. Taa moja inakula miliampea 20, tano zinakula 100. Betri zina kama 2000. Gawa mwenyewe."

Nikagawa: saa ishirini. Wiki nzima nilitembea na hiyo saa ishirini kama mtu aliyefaulu mtihani. Nani mwingine kambini ana fimbo ya saa ishirini?

Fimbo yenyewe, nisijisifu sana, ilikuwa nzuri. Ndani ufito wa faibaglasi, ncha nimeizungushia kipande cha ngozi isije ikatoboa sponji na kumchoma mtu. Juu yake ile sponji ya kuvalishia mabomba ya maji. Kichwani nikaweka sponji nyeupe ya kufungashia vyombo, laini, inapitisha mwanga vizuri. Swichi ya kubonyeza, betri, nyaya, vyote nikavizika ndani kabisa, pasiwe na kitu kigumu cha kumgonga mtu. Halafu nikafunga kwa gundi ya mafundi viatu. Gundi hiyo naijua tangu utotoni: paka pande zote mbili, ngoja zikauke, kisha gandamiza. Zikishagusana, basi, haziachani.

Kumbuka hapo. Mimi sikukumbuka.

Kambini kuna mzee wa kukagua silaha. Alibinya ncha kwa kidole gumba, akaipinda fimbo, akaitegea sikio kama anasikia mfupa, akajipiga nayo pajani. Akatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kulia.

Mwezi wa nane huko jua linachwea saa tatu kasorobo usiku. Saa tatu na nusu tulikuwa sita, tumelala chini kwenye majani, tunawavizia mazimwi. Amri ilikuwa moja: kimya, na giza. Nikasema nijaribu kidogo tu, sekunde moja, nione kama inawaka.

Ikawaka. Nikaachia kidole. Ikaendelea kuwaka.

Gundi niliyoipaka ndani ya sponji ilikuwa imekutana na gundi iliyodondokea kwenye swichi. Nimegandamiza mwenyewe, kwa kidole changu.

"Zima!" mwenzangu akanong'ona. Nikaomba kisu nichane sponji. Tulikuwa na mapanga sita, shoka mbili na majambia manne, na yote kwa pamoja hayawezi kukata mkate. Kisu cha kweli kilikuwa kimoja, kwa mpishi, kambini.

Ndipo nikapata wazo la kuificha fimbo ndani ya kanzu. Sasa wewe chukua taa, ivalishe kitambaa cheupe, uone unapata nini. Mwanzoni ilikuwa inawaka fimbo. Sasa nawaka mimi, tangu kifuani hadi magotini, kandili lenye ndevu.

Mazimwi yalikuja kumi na mawili. Hayakuwa na haja ya kutafuta. Moja lilisimama mbele yangu likanitazama muda mrefu, nadhani linawaza kama nimo katika hadithi au nimepotea njia, kisha likanipiga rungu la bega. Nikafa. Nikaanguka vizuri, nikafumba macho, nikatulia kama maiti. Maiti inayomulika miti. Kundi la pili likaja kuangalia ule mwanga ni wa nini, na kwa kuwa mwenzangu alikuwa ameshanifufua, likaniua tena.

Tuliporudi kambini mpishi akaja na kisu chake. Alikuwa ameshashika fimbo pale watu waliopanga foleni ya choo walipopiga kelele: mwacheni! Njia ya kwenda choo ilikuwa na mizizi na tope, na taa ya umeme hairuhusiwi, inaharibu mchezo. Fimbo ya mganga inaruhusiwa.

Nikachomekwa pale, nusu usiku mimi na fimbo, nusu iliyobaki fimbo peke yake. Mazimwi yalipita yananisalimu kwa adabu.

Ilizimika kesho yake saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikampigia mjomba.

"Ilikaa saa ngapi?"

"Ishirini na moja, mjomba."

"Umeona!" akasema, na nikamsikia anamwita shangazi aje asikie.