Nia Njema si Salamu ya Jukwaani

Katika kitabu chake cha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anataja mambo matatu yanayomfanya msemaji aaminiwe: busara, uadilifu na nia njema kwa wanaomsikiliza. Hilo la tatu sisi tumeligeuza salamu. "Ndugu zangu, nawapenda sana!" Makofi yanapigwa, kisha msemaji anaendelea na yake.

Aristotle alikuwa na jambo zito zaidi. Anasema mtu anaweza kuwa na busara na uadilifu, akalijua shauri lililo bora, na bado asikupe kwa kuwa hakutakii mema. Hapo hajasema uongo wowote. Amenyamaza tu, nawe umeondoka na hasara. Ndiyo maana naona nia njema ya msemaji ipimwe kwa yale aliyo tayari kuyasema yakimgharimu.

Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, Robert Kennedy alifika Indianapolis kuomba kura za urais wa Marekani. Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alikuwa ameuawa mjini Memphis saa chache kabla, na wengi katika umati ule, ambao sehemu kubwa walikuwa Wamarekani weusi, hawakuwa na habari. Kennedy alikuwa ameonywa kwamba si salama kwenda. Alikwenda. Kabla hajatamka habari ya msiba, aliomba mabango ya kampeni yashushwe. Kisha akawaambia jambo ambalo hakuwa na mazoea ya kulizungumza hadharani: kwamba naye aliuliwa ndugu (kaka yake, Rais John Kennedy), na aliyemuua alikuwa mzungu. Hakuwakataza hasira. Kura hakuomba.

Usiku ule na siku zilizofuata ghasia zilizuka katika miji zaidi ya 100. Indianapolis ilibaki tulivu. Wengi humsifu Kennedy peke yake, na hapo siafiki: watu waliokuwa wamepigwa na msiba mzito vile walikubali kumsikiliza mzungu, tena tajiri, tena mgombea. Nao walimpa nia njema, na bila hiyo maneno yake yangeishia hewani.

Kwenye midahalo ya shule zetu tunatoa alama kwa sauti, ufasaha na kujiamini. Ningependa majaji waongeze alama kwa mwanafunzi anayeiambia hadhira jambo inalohitaji kulijua, hata kama linadhoofisha upande wake.