Spaida planti yako haiungui jua, ni maji ya Arusha

Jamani hii ya kila mtu kulalamika spaida planti yake (lile ua la ndani la majani marefu membamba) inakauka ncha halafu anaambiwa ongeza maji, au itoe dirishani jua linaiunguza, mimi imenichosha. Mara nyingi hapa kwetu shida ni maji yenyewe.

Huu mmea asili yake ni huku huku Afrika na ni mgumu balaa, chini una mizizi minene myeupe inayotunza maji, ukiusahau wiki nzima wala hauna habari. Ila madini ya floraidi hauyawezi, na sisi ndo tumejaliwa sasa, mawe ya volkano ya Mlima Meru yanaachia floraidi kwenye maji ya ardhini, si mnaona waliokulia Oldonyosambu, Ngarenanyuki au Maji ya Chai wengi wao meno yana rangi ya kahawia? Shirika la Afya Duniani linasema floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huku vinapita hapo mbali sana. Sasa mmea unavuta maji, maji yanatoka kwenye majani kama mvuke, floraidi inabaki, inasogea hadi ncha ya jani na kujazana pale mpaka ncha inakufa. Ukiongeza maji umeongeza floraidi, na mizizi nayo inaanza kuoza.

Na msichemshe tafadhali. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki palepale na maji yakipungua ndo inakolea zaidi. Kuacha ndoo wazi usiku kucha kunatoa klorini, sio floraidi.

Kinga mvua. Weka jaba chini ya bati, zile mvua za mwanzo ziache zioshe vumbi la paa, baada ya hapo kinga, maua ya ndani hayanywi mengi kwa hiyo jaba moja utakaa nalo. Mara ya kwanza mwagilia kwa wingi mpaka yatokee chini ya poti ili yasombe uchafu uliojaa kwenye udongo. Mbolea za fosfeti nazo huwa na floraidi kwa hiyo taratibu na kijiko. Ncha iliyokwisha kauka haigeuki kijani tena, we angalia majani mapya.

Halafu wauza maua barabarani watakwambia mmea huu unasafisha hewa, sijui NASA, shirika la anga la Marekani, walithibitisha. Ule utafiti wa 1989 ulifanyika kwenye viboksi vilivyofungwa kabisa, sebule yako ina madirisha na mlango unaofunguliwa kutwa. Nunua kwa sababu unaupenda, au usinunue kabisa, omba jirani akukatie kitoto kimoja kati ya vile vinavyoning'inia, kitie kwenye glasi ya maji ya mvua kitatoa mizizi chenyewe. Mmea unaojizalia hivi, zile bei wanazotaja barabarani mimi sizielewi.