Simu ikizima Guangzhou, na wewe umezima

Jamani mimi jana nimetembea kwa miguu kutoka Sanyuanli mpaka Xiaobei, mitaa ya huku Guangzhou, saa nzima na ushee, begani nina sampo za mikoba kumi na nne, na sio kwamba sina hela. Hela ninazo. Ziko ndani ya simu, na simu imezima.

Naanzia hapo maana najua kuna mtu yuko Kariakoo saa hizi anasema yule bwana yuko China, yule kashatoboa. Katoboa nini? Kilichotoboka ni soksi.

Kisa kizima kaanzisha mteja wangu mmoja, dada wa Kariakoo hukohuko. Huyu dada hanunui mkoba kwa picha, anataka video, tena laivu, nigeuze mkoba, nifungue zipu, nifunge zipu, niuvae begani nitembee kidogo aone unavyokaa. Mimi, baba wa watoto wawili, nimetembea na kipochi cha pinki katikati ya soko la ngozi la Baiyun, wauzaji wa Kichina wametoka milangoni wananirekodi. Na WhatsApp huku haifunguki bila VPN, ile programu ya kupitia mlango wa nyuma wa intaneti, sasa VPN na video vikiwaka kwa pamoja chaji inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mwisho wa yote dada anasema "ngoja kwanza nifikirie, ntakucheki".

Nimebaki na asilimia tatu. Nikasema hizi zinanifikisha stesheni, naskani, napanda treni ya chini, nalala. Nimefika getini nimenyanyua simu, giza.

Sasa mtu wa nyumbani ataniuliza si ungelipa kesh? Kesh ipi ndugu yangu, noti ya yuan mara ya mwisho nimeishika Mwaka Mpya wa Kichina, mwenye nyumba kanipa bahasha nyekundu kwa mikono miwili, nimeenda kuifungulia chooni kwa furaha, nimekuta yuan 5. Huku kila kitu ni QR, ile alama ya vidoti unaiskani kwa simu ndio unalipa. Muuza mchicha ana QR, fundi viatu ana QR, sijui hata pochi zile tunazonunua kwa kontena huwa zinawekwa nini.

Na powabenki za kukodi ziko kila kona, zimepangwa kwenye kisanduku kama mikate dukani. Nikakimbilia pale. Nimefika, unajua zinakodiwaje? Unaskani kwa simu! Nimesimama mbele ya kile kisanduku naziangalia na zenyewe zinaniangalia, zina vitaa vya kijani, zimeshiba. Nani alikaa kikaoni akapitisha hili? Ni sawa na kufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba halafu unabandika karatasi mlangoni, "ufunguo upo ndani, karibuni".

Nikasema basi niombe mtu aniskanie. Tatizo likaja la pili, Kichina changu nacho kinaishi kwenye simu. Kilichopo kichwani ni cha sokoni tu, duoshao qian yaani shilingi ngapi, tai gui le yaani ghali mno, na meiyou, hakuna. Miaka yote niliyokaa huku, maneno ni hayo. Nikamuona binti mmoja amekaa zake na miwani yake, nikamuonyesha simu, nikamwambia kwa upole "meiyou, meiyou". Binti kaiangalia simu, kaniangalia mimi, kaangalia begi langu la mikoba, akatikisa kichwa akasogea pembeni. Mzee mmoja alikuwa nyuma yake akaja yeye, akaichukua simu mkononi mwangu, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kioo pale kilipopasuka, akaniuliza "duoshao qian?"

Anadhani nauza simu! Na mimi kwa mazoea ya biashara, Mungu anisamehe, sekunde mbili nzima nimeshaanza kupiga hesabu nimtajie bei gani.

Nikaichukua simu yangu nikaanza kutembea.

Njiani njaa ikaniuma nikamkuta mama anachoma viazi vitamu, harufu ileile ya nyumbani kabisa, nimesimama pale nameza mate, mama kashika kibao chake cha QR kilichoning'inia shingoni ananinyooshea. Nikafanya kama nilikuwa naangalia barabara. Hata hivyo wauzaji wa barabarani nina kinyongo nao, bei wanayoandika ni ya jin, na jin ni nusu kilo. Siku za mwanzo nilikuwa nashangilia matunda ya bei chee, nafika nyumbani mfuko mwepesi, nimekaa mwezi mzima najua mzani umechezewa.

Nikapita mbele ya mgahawa watu wanakula, nikakumbuka aibu yangu ya kwanza. Ukikaa mezani hapa Guangzhou unaletewa bakuli, kikombe, vijiti na birika la chai ya moto. Nikamimina chai nikanywa, nikaongeza, tamu kiasi chake. Meza ya jirani nawaona wanamimina kwenye bakuli, wanasuuza vikombe na vijiti, halafu ile chai wanaimwaga kwenye bakuli kubwa la katikati. Kumbe birika la kwanza ni la kuoshea vyombo. Nilishamaliza vikombe vitatu, na hapo muhudumu alishaniona zamani sana ila kaniacha tu mtu mzima niendelee.

Nimefika geto nikidhani tabu imeisha, nimesahau huu ni mwezi wa tatu. Mimi ni mtu wa Tanga, unyevu nimezaliwa nao, lakini huu wa huku una dharau. Ukuta unatoa jasho, sakafu imelowa kama kuna mtu kadeki akaondoka, suruali niliyoianika Jumapili leo Alhamisi bado unaweza kuikamua. Wenyeji wanasema funga madirisha, mimi nilifungua hewa iingie, hewa ikaingia na mto wote wa Pearl. Nasubiri wa nne, unyevu haujaisha yanaanza maonyesho ya Canton Fair, kule Pazhou hoteli zinapanda bei, na wote waliosema mimi nimetoboa watataka kulala kwangu.

Nimechomeka chaja nikalala na viatu. Usingizi ndio kwanza umekolea, simu inaita, mama. Huku ni saa tisa usiku, Dar saa nne, wametoka kula sasa hivi wanaangalia tamthilia. Tofauti ni masaa matano na nimeshamuelezea mara mia, anaitikia "ahaa, sawa baba", kesho anapiga saa ileile.

"Siku nzima hupatikani baba, ndio ushakuwa Mchina?"

"Mama simu ilizima chaji."

"Chaji? Huko China kunakotengenezwa chaja?" Nikasikia anacheka na watu pembeni. "Haya, shangazi yako huyu hapa ana shida ndogo tu."

Shangazi akapewa simu, salamu, watoto, hali ya hewa, nikamwambia ukuta unatoa jasho akasema ni hasadi ya watu. Halafu akasema baba mimi sina makuu, nitumie powabenki moja tu, nasikia huko ziko kila kona.